Ukuaji Unaoongozwa na Bidhaa: Maana ya Istilahi na Matumizi Yake

Ukuaji unaoongozwa na bidhaa ni mkakati wa biashara ya programu ambamo bidhaa yenyewe hubebeshwa kazi iliyozoeleka kufanywa na wauzaji na matangazo: kumvuta mtumiaji mpya, kumwonesha manufaa, kumfanya abaki, na hatimaye kumshawishi alipie. Mtu hujisajili bila kuzungumza na muuzaji, huanza kuitumia programu papo hapo, na uamuzi wa kulipa huja baada ya kuionja. Istilahi ya asili ilibuniwa mwaka 2016 na Blake Bartlett wa kampuni ya uwekezaji ya OpenView nchini Marekani, ingawa mwenendo wenyewe ulikuwapo miaka mingi kabla ya jina.

Ukuaji au ukuzaji?

Maneno haya yana asili moja, lakini hayabadilishani nafasi. Ukuaji hutokana na kukua, kitenzi kisichohitaji mtendwa; ukuzaji hutokana na kukuza, kitenzi kinachomtaka mtu wa kuifanya kazi hiyo. Kampuni hukua, wenyewe huikuza. Tofauti hii ina uzito, kwa maana anayelisikia neno ukuaji peke yake huweza kudhani kwamba programu nzuri ikishawekwa sokoni itasonga yenyewe. Ukuaji ni matokeo. Nyuma yake pana ukuzaji uliopangwa kwa makini.

Je, kizuri chajiuza?

Waswahili husema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitenzi vyote viwili vina kiambishi -ji-, kinachoonesha kwamba mtendaji ndiye mtendwa. Methali hii yaweza kunukuliwa kuufafanua mkakati huu, na kwa nusu yake ya kwanza yafaa. Nusu ya pili, hata hivyo, haikubaliani nao, kwani katika biashara ya programu hata kizuri hutengenezwa ili kijitembeze.

Mfano ulio wazi ni Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007 na Drew Houston na Arash Ferdowsi. Mwanzoni kampuni ilinunua matangazo ya mtandaoni. Houston alieleza baadaye kwamba kumpata mteja mmoja kwa njia hiyo kuligharimu kati ya dola 233 na 388, ilhali bidhaa iliuzwa kwa dola 99. Hesabu hiyo ilikuwa hasara tupu.

Njia iliyofaa ilipatikana ndani ya bidhaa. Kila aliyejisajili alipewa gigabaiti 2 bila malipo. Akimwalika mwenzake, wote wawili waliongezewa nafasi. Aidha, aliyetaka kushirikiana folda na mwenzake alilazimika kumwomba naye afungue akaunti. Hivyo matumizi ya kawaida yakawa mwaliko. Mnamo Septemba 2008 Dropbox ilikuwa na watumiaji 100,000. Kufikia Januari 2010 walikuwa 4,000,000. Bidhaa ilijitembeza, lakini miguu ilipewa na waliokaa wakaifikiria zawadi, folda na mwaliko.

Bure na bila malipo

Waandishi wengi huyatumia maneno haya kama visawe. Bure, hata hivyo, lina maana mbili: kisicholipiwa, na kisichokuwa na faida, kama tusemapo “amesumbuka bure”. Katika mada hii maana zote mbili huwinda mahali pamoja. Mtu anayejisajili bila malipo, akachanganyikiwa na kurasa za mwanzo, akaondoka, amekuja bure. Ndiyo sababu kampuni hizi huhangaikia muda unaopita kati ya kujisajili na kuonja manufaa ya kwanza.

Hata wanaobaki hawalipi wote. Dropbox ilipojiandaa kuuza hisa kwa umma mwaka 2018, ilitangaza kuwa na watumiaji waliojisajili zaidi ya milioni 500, na wanaolipa zaidi kidogo ya milioni 11, yaani kama 2 katika kila 100. Mafaili ya wengine wote huhifadhiwa kwa gharama ya kampuni. Kutoa bila malipo kwafaa pale tu ambapo gharama ya kumhudumia mtu mmoja zaidi ni ndogo mno.

Mtumiaji, mteja na mnunuzi

Katika uuzaji wa zamani mnunuzi hutangulia: mkuu wa idara hutia saini, kisha watumishi hukabidhiwa programu wasiyoichagua. Mkakati huu huugeuza utaratibu huo. Mtumiaji huanza, huwa mteja, na mnunuzi mwenye mamlaka huja mwisho, akiikuta programu imeshaota mizizi. Slack, huduma ya mawasiliano ya kazini iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, ilienea hivyo, kikundi kwa kikundi. Stewart Butterfield, mmoja wa waanzilishi wake, alisema kwamba kikundi kikishatumiana jumbe 2,000 kimeijaribu Slack kwa kweli; kati ya vikundi vilivyofika hapo, asilimia 93 viliendelea kuitumia. Kipimo cha namna hii humwonesha muuzaji ni nani wa kuzungumza naye, na wakati gani.

Maana muuzaji hafutiki. Programu ya mishahara ya wizara nzima, au ya kumbukumbu za wagonjwa, haiwezi kujaribiwa na mtumishi mmoja kwa siri yake. Yahitaji idhini, takwimu na mafunzo kabla ya manufaa kuonekana. Anayewaachisha kazi wauzaji wake kwa kuwa amesikia kwamba bidhaa huongoza, hana budi kwanza kujiuliza kama mtu mmoja aweza kuanza peke yake.

Matumizi katika sentensi

- Ukuaji wa kampuni ile unaongozwa na bidhaa: watumiaji wake wengi walialikwa na wenzao.
- Programu hutolewa bila malipo kwa mwezi mmoja. Asiyeiweka kazini, mwezi huo humpita bure.
- Tuna watumiaji elfu tatu, ila wateja hawafiki mia.