Je, Wajua? Pono hujishonea chandarua cha ute

Mtu mwenye usingizi mzito husemwa analala kama pono. Usiku, samaki huyu wa miamba ya matumbawe hulala fofofo kweli, na baadhi ya spishi zake hujifunika kwanza kifuko chepesi cha ute unaotoka kwenye tezi zilizo karibu na matamvua. Kifuko hicho huwazuia vimelea wanaonyonya damu.

Mchana, pono hukwangua mwani kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Matumbawe anayomeza husagwa na meno mengine yaliyo kooni, kisha hutoka yakiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka!

Katika spishi nyingi, dume kiongozi akifa, jike kubwa hugeuka dume.