Gavana Renison na Mzigo wa Kauli

Waswahili husema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii inaakisi vyema kisa cha Sir Patrick Renison, gavana wa Kenya kuanzia mwaka 1959 hadi mwishoni mwa 1962. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi kauli moja ilivyomfunga mtawala aliyepewa jukumu la kulegeza kamba za ukoloni.

Renison hakuwa mgeni katika siasa za makoloni. Kabla ya kuletwa Nairobi, alikuwa gavana wa Honduras ya Uingereza, ambayo leo ni Belize, na baadaye wa Guyana ya Uingereza. Huko Guyana, Waingereza walikuwa wameiondoa serikali ya Cheddi Jagan mwaka 1953. Hata hivyo, Jagan aliposhinda uchaguzi wa 1957, Renison alifanya kazi naye. Funzo hilo hakulitumia Kenya.

Mnamo Januari 1960, hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 iliondolewa. Wakati huo, Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha kutumikia kifungo alichohukumiwa Kapenguria, lakini alizuiliwa Lodwar. Tarehe 9 Mei 1960, Renison alikataa kumwachilia na kumwita kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini.

Uteuzi wa maneno hayo unastahili kuchunguzwa. Sababu ya kiusalama hubadilika hali inapobadilika. Mtawala anaweza kuitengua bila kujitia aibu. Sitiari ya giza na mauti, kinyume chake, haielezi hali bali humhukumu mtu mwenyewe. Kwa kuitumia, Renison alijifungia mlango ambao angehitaji kuupitia baadaye.

Matokeo hayakukawia. Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa kizuizini. KADU, chini ya Ronald Ngala, ndiyo iliyokubali, lakini kilio cha kumtaka Kenyatta hakikukoma. Mwezi Agosti 1961 alirejeshwa Gatundu, akawa huru. Kufikia Aprili 1962, Kenyatta alikuwa waziri katika serikali ya mseto, chini ya gavana yuleyule aliyemhusisha na mauti.

Hatimaye London ilimwondoa Renison, na Januari 1963 Malcolm MacDonald akachukua nafasi yake. Kenyatta akawa Waziri Mkuu mwezi Juni mwaka huohuo, na uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba.

Ni kweli kwamba Renison aliisimamia Kenya katika hatua muhimu za kuelekea uhuru. Hata hivyo, mengi aliyoyatenda yamesahaulika, na linalokumbukwa zaidi ni alilolitamka. Kwa mwanafunzi wa lugha, kisa hiki ni ushahidi kuwa sitiari ya mtawala si pambo la hotuba. Ni tendo la kisiasa, na humdai aliyelitenda.