Kibali cha Ujenzi na Ukarabati wa Vyumba vya Madarasa: Ramani, Kiwanja na Nguvu za Wananchi katika Wilaya za Mbinga na Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna idhini ya kujenga au kukarabati vyumba vya madarasa inavyopatikana katika shule za umma za Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba ramani sanifu za Serikali zimerahisisha nusu moja ya kibali, yaani uthibitisho wa mchoro. Nusu ya pili, ambayo ni uthibitisho wa kiwanja, bado hutegemea mazoea. Katika nchi ya miteremko na mwambao, nusu hiyo ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na gharama ya kuipuuza huwaangukia wananchi waliojitolea na wanafunzi watakaolitumia jengo.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kabla ya hapo halmashauri moja ilihudumia milima ya Umatengo pamoja na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kama vile Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Maeneo hayo mawili yanatofautiana sana kimaumbile, lakini sheria na miongozo inayosimamia ujenzi wa shule zake ni ile ile.

Msukumo wa kujenga umekuja kwa vipindi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa mwaka 2002 hadi 2006 uliwapa wananchi na kamati za shule nafasi kubwa katika ujenzi. Utekelezaji wa elimu bila malipo kuanzia Januari 2016 uliongeza uandikishaji, huku kiwango kinachotakiwa kikiwa wanafunzi 45 kwa chumba katika shule za msingi na 40 katika sekondari. Oktoba 2021 Serikali ilizindua ujenzi wa vyumba 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kati ya hivyo, 12,000 vilikuwa vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, na kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Vilihitajika kabla ya muhula wa Januari 2022. Kwa Ruvuma, ambako mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, ratiba hiyo ilimaanisha kuchimba msingi wakati mawingu yanakusanyika.

2.0 Kibali mjini na kibali kijijini

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wowote katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango upate idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwa shule iliyo ndani ya mji wa Mbinga, maombi huambatanishwa na michoro ya jengo, michoro ya mhimili wake na uthibitisho wa umiliki wa ardhi. Maombi hayo hupitiwa na wataalamu wa mipango miji, afya, mazingira na ujenzi kabla ya kibali kutolewa.

Shule nyingi za wilaya hizi mbili, hata hivyo, zimo katika ardhi ya kijiji. Huko idhini haimo katika hati moja. Ni mnyororo wa maamuzi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na eneo la shule hutengwa kwa ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Pendekezo hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mhandisi wa Halmashauri hutoa ramani na mchanganuo wa gharama. Iwapo shule ni mpya, Wathibiti Ubora wa Shule huikagua kabla haijasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978.

Kila kiungo kina mhusika wake, lakini hakuna kinachomtaka mtu mmoja athibitishe kwa maandishi, kabla ya jembe la kwanza, kwamba mahali palipochaguliwa panafaa kubeba jengo.

3.0 Ramani imeidhinishwa, kiwanja hakijaidhinishwa

TAMISEMI husambaza ramani sanifu za vyumba vya madarasa. Faida yake ni bayana: kijiji hakihitaji kumlipa msanifu, na mafundi hupata vipimo vilivyokwisha kupitishwa. Utaratibu wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida chini ya kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi badala ya mkandarasi, umeshusha gharama na kuwapa wananchi usimamizi. Udhaifu wake ni kwamba ramani iliyopitishwa Dodoma haiujui udongo wa Lituhi wala mteremko wa Litembo.

Katika milima ya Umatengo, kupata uwanja wa darasa mara nyingi humaanisha kuchonga mlima. Nusu ya jengo hukaa juu ya udongo mgumu uliochongwa, na nusu juu ya kifusi kilichomwagwa upande wa chini. Kifusi kisiposhindiliwa kwa tabaka, huzama polepole, na ukuta hupasuka panapokutana sehemu hizo mbili. Maji ya mvua kutoka juu ya mlima nayo huhitaji mtaro wa kuyakinga nyuma ya jengo. Wamatengo, ambao kwa kilimo cha ngoro huchimba mashimo ya kuzuia maji yasichukue udongo, wanaielewa kanuni hiyo shambani. Ramani sanifu ya darasa haiioneshi.

Mwambaoni tatizo ni jingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo wa ziwa, ndani ya meta 60 kutoka ukingo huo. Katika sehemu nyingi za mwambao, tambarare kati ya vilima na maji ni nyembamba, na kiwanja kilicho rahisi kujengwa ndicho kilicho karibu na ziwa. Kina cha Ziwa Nyasa hubadilika: mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1980 kilipanda sana. Anayepima meta 60 wakati wa kiangazi cha mwaka wa maji machache anaweza kudhani ametimiza sheria, kisha akayakuta maji mlangoni.

4.0 Ukarabati na swali la umiliki

Ukarabati huonekana mwepesi, hivyo hupuuzwa. Kupaka rangi, kuziba sakafu au kubadili vioo si sawa na kung'oa paa, kubomoa ukuta au kupanua dirisha, kwa kuwa kazi hizi za pili hugusa uimara wa jengo na zinastahili ukaguzi kama wa jengo jipya.

Hapa historia ina uzito. Shule kadhaa za eneo hili zilianzishwa na misheni za Kikatoliki na Kianglikana. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 kuzifanya kuwa za umma, majengo yalibadilika mwenye dhamana, lakini mipaka ya viwanja haikupimwa kila mahali. Shule nyingi za umma nchini hazina hati miliki, na pasipo uthibitisho wa eneo, ombi la kibali hukosa kiambatisho chake cha kwanza.

5.0 Gharama ya ukaguzi unaochelewa

Kwa desturi, wananchi huchangia mawe, mchanga, tofali na kazi ya mikono hadi boma lifike usawa wa linta, kisha halmashauri humalizia paa, sakafu na samani. Kwa sababu hiyo, mara nyingi mhandisi hulichunguza jengo kwa kina pale tu fedha za umaliziaji zinapoombwa. Akikuta msingi hafifu, amebakiwa na njia mbili: kulikataa boma na kupoteza jasho la kijiji, au kuliezeka na kuwaingiza watoto ndani yake. Kila njia ina madhara, na zote mbili zingeepukika kwa ziara moja ya mapema.

6.0 Hitimisho

Kibali si kikwazo kwa juhudi za wananchi. Kikija kwa wakati, ndicho kinga yake. Mapendekezo mawili yanajitokeza. Kwanza, ramani sanifu itolewe pamoja na fomu fupi ya uthibitisho wa kiwanja, inayoonesha mteremko, aina ya udongo, njia ya maji, umbali kutoka ziwani na mipaka ya eneo, ikiwa imetiwa saini na mhandisi na kusomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kabla ya uchimbaji kuanza. Pili, fedha za vyumba vya madarasa zipangwe kufika mapema katika kiangazi, ili ukaguzi usishindane na mvua. Tofali zilizofyatuliwa kwa ajili ya kiwanja kibaya haziokolewi na ramani nzuri.