MAGAZINI MOJA, WENYE MALI WENGI

Mara hii tunapenda kueleza jambo moja la kazi ya magazini. Wengine watasema: hiyo ni habari ya seksio ya Komersiali, siye wa Pedagojia haituhusu. Hapana. Kila mtu anayekula bukari, na kila mtu anayekwenda hospitali kutafuta dawa, jambo hili linamfikia.

Ulizo ni hili: mali iko katika magazini moja, lakini wanaoingojea ni wengi. Namna gani mlinzi wa magazini atajua hii ni ya nani, bila kukata nyumba yake vyumba kumi?

1. Jambo si la leo

Hapa Likasi wazee wetu walijua posho. Wakati wa Union Minière, kampani iliyoanza mwaka 1906, mfanyakazi alipokea chakula kwa kufuata jamaa yake: mwenye mke na watoto alipata kupita mseja. Gécamines, iliyofuata kisha serikali kuitwaa Union Minière mwaka 1967, nayo iliwapa wafanyakazi wake unga. Gunia halikuwa na jina la mtu. Jina lilikuwa katika kitabu.

Katika Biblia pia tunaona vile. Someni 2 Mambo ya Nyakati sura ya 31. Mfalme Hezekia aliamuru vyumba vitengenezwe katika nyumba ya Bwana, zaka zikaingizwa, na Konania akawa mkubwa wa kuziangalia. Kisha Kore na wenzake wakagawia makuhani katika miji yao, wakubwa kwa wadogo, kwa kufuata majina yaliyoandikwa. Aliyekaa mji wa mbali hakusahauliwa, sababu jina lake lilikuwa katika hesabu.

2. Hasara bila mwizi

Tuseme depo moja ya mji iko na magunia 100 ya unga. Hospitali imetoa komandi ya magunia 40, na shule yenye internati magunia 35. Wote wawili wamelipa, lakini kamyo zao hazijafika. Asubuhi mchuuzi anaingia, falanga mkononi, anaomba magunia 50. Karani anatazama nyuma yake, anaona unga umejaa mpaka juu. Anauza.

Hesabu sasa: yanabaki 50, na ahadi ni 75. Magunia 25 yamekosekana. Hakuna aliyevunja mlango, hakuna panya. Karani aliuza kitu alichokiona, na hakukumbuka kitu alichoahidi.

Ndiyo sababu magazini ya kweli haina hesabu moja, iko na hesabu tatu:

a) Yaliyopo: magunia 100.
b) Yaliyowekwa kando kwa ajili ya watu: 40 + 35 = 75.
c) Yaliyo huru: 100 − 75 = 25.

Karani anauza kwa hesabu ya tatu peke yake. Mchuuzi wetu angepata 25, na kwa zile zingine angengoja. Mali ambayo ingali njiani, tuseme kamyo imelala Kasumbalesa, inaandikwa pembeni. Usiichanganye na yaliyopo, sababu kamyo inaweza kulala pale siku nyingi.

3. Kazi ya ordinatere

Fishi ya stoki tunayojifunza darasani inaweza kufanya kazi hii, ukiongeza safu moja ya yaliyowekwa kando. Lakini depo ikiwa na namna elfu za vitu na makarani watatu, mkono unachoka. Hapo njo programu za ordinatere zinasaidia. Moja inayojulikana ni Odoo, ya kampani ya Ubelgiji, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina la TinyERP. Ukikubali komandi ya mteja, programu inatoa kipimo chake katika yaliyo huru, hata kama gunia halijasogea chini. Karani wa pili, katika chumba kingine, anaona hesabu mpya palepale. Inakubali pia kuandika mwenye mali, kama depo inalinda vitu vya watu wengine.

Sasa, ni wakati gani wa kuweka kando? Programu hiyo inakupa njia tatu: palepale komandi inapokubaliwa, ao mtu mwenyewe anapoamua kwa mkono, ao siku kadhaa mbele ya siku ya kutoka. Mashini haitachagua mahali pako. Ukiweka mapema sana, unga wa mteja atakayekuja kisha miezi mitatu unalala, na wengine wanakosa kula leo. Ukichelewa, mwenye falanga mkononi anaubeba. Kwa hiyo kila kuweka kando kuwe na siku ya mwisho. Siku ikipita na mteja hakuja wala kutuma neno, mali inarudi kuwa huru.

4. Kwa dawa ni nguvu zaidi

Kule Lubumbashi kuna CAMELU, depo kubwa ya dawa za lazima. Mji wetu uko na zoni za afya tatu: Likasi, Kikula na Panda, na kila zoni inaomba dawa zake. Katika depo za namna hii kuna dawa ambazo depo inauza, na katika nyumba ileile kunaweza kuwa dawa zilizolipwa na Mfuko wa Dunia kwa malaria, kifua kikuu ao SIDA. Katoni zinafanana, lakini ukiuza ile isiyokuwa ya kuuzwa, mgonjwa fulani ataambiwa: imekwisha.

Dawa iko pia na siku ya kuharibika. Kanuni inasema: itakayoharibika kwanza itoke kwanza. Basi usimwekee zoni inayokuja kisha miezi minne katoni itakayokufa kisha miezi mitatu.

Na kama ugonjwa unalipuka katika zoni moja, na dawa ziko pale kwa jina la zoni nyingine? Zinaweza kukopwa, lakini si karani atakayeamua kwa sababu mtu amelia mbele yake. Mkubwa mwenye madaraka aamue, atie sahihi, zoni yenye dawa ijulishwe, na siku ya kurudisha iandikwe.

5. Mashini haina macho

Umeme unakatika, hiyo kila mtu wa hapa anaijua. Fishi ya karatasi ibaki juu ya kila rundo. Tena, mtu akitoa katoni sita bila kuandika, ordinatere itaendelea kusema 25 wakati mkono unahesabu 19. Mashini inaamini kile ilichoambiwa. Basi ni lazima kuhesabu vitu vyenyewe mara kwa mara.

Tunamaliza na Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika kugawa kwa kila siku, na kanisa likachagua watu saba wenye sifa njema kwa kazi hiyo. Tunaona ya kuwa kazi ya kugawa ilihitaji watu wa kuaminika, si wenye mikono minene tu. Anayesimama mbele ya meza anaweza kujisemea. Yule asiyekuwapo, kitabu ndicho kinachosema kwa ajili yake.

ZOEZI. Depo iko na katoni 60. Kikula imewekewa 22, Panda 18. Katoni 15 zingine ziko njiani. Likasi inaomba 30 leo. Utatoa ngapi, na utaandika nini kwa zinazobaki? Elezeni sababu.