Goma: Somo la Kuiacha Maabara Salama

Tarehe 28 Januari 2025, wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakiwa wameshaingia Goma, mashariki mwa Kongo, Patrick Youssef, mkurugenzi wa Kanda ya Afrika wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, alizungumza na waandishi wa habari mjini Geneva. Pamoja na habari za majeruhi waliofurika hospitalini, aligusia hatari nyingine ambayo wengi hawakuitarajia. Maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tawi la Goma, ilikuwa ikikabiliwa na kukatika kwa umeme, na ndani yake mlihifadhiwa sampuli za vimelea, virusi vya Ebola vikiwamo. Sampuli hizo zikitoka nje, alionya, madhara yake hayatakadirika.

Ulimwengu uliipokea habari hiyo kama habari ya vita. Mwalimu wa usalama wa maabara angepaswa kuipokea kama habari ya mtaala. Kozi nyingi za usalama katika vyuo vikuu huanzia mlango wa kuingilia: vaa koti, funga nywele, usile wala usinywe humu ndani, jua kizima-moto kilipo. Yote ni kweli na yote yanahitajika. Ila mji unaokaa chini ya volkano, wenye umeme wa mashaka na historia ndefu ya watu kukimbia makwao, unahitaji somo jingine litangulie hayo: namna ya kuondoka. Nani anafunga gesi? Kipi kinateketezwa kwanza? Ufunguo unabaki kwa nani?

Watu wa Majengo, kartie (mtaa) ya komini ya Karisimbi mjini Goma, hawahitaji kuelezwa maana ya kuondoka ghafla. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, na lava ikateremka hadi Buhene, kaskazini tu mwa mji, ikimeza nyumba. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihamwe, kwa hofu kwamba lava nyingine ilikuwa ikisogea chini ya ardhi. Majengo ilikuwamo kwenye orodha. Watu walijaa barabarani, wengine wakielekea Sake, wengine wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Sasa mfikirie fundi wa maabara anayekaa Majengo asubuhi kama ile: mama yake mzee, watoto, godoro la kubeba, na mfukoni ufunguo wa chumba cha sampuli. Hakuna kanuni itakayomfanya atangulize friza mbele ya watoto wake, wala haifai kumtaka afanye hivyo. Kwa hiyo kazi ya kufunga maabara lazima iwe fupi, iwe imezoeleka mikononi, na iwe inajulikana na mtu wa pili na wa tatu asiyeishi kartie moja na huyo wa kwanza.

Wiki ile ya Mei 2021 ilifundisha jambo lingine. Baada ya lava kusimama, ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, matetemeko mamia kwa mamia, na majengo mjini yakapata nyufa. Maabara yoyote ya Goma inapaswa kupangwa kwa kukumbuka siku zile. Chupa za asidi zikae rafu ya chini kabisa, ndani ya beseni la plastiki litakaloshika kitakachomwagika. Asidi ya nitriki isipangwe pamoja na alkoholi, kwa sababu chupa mbili zikipasuka sakafuni na vimiminika vikakutana, moto unaweza kuwaka bila kiberiti. Kila rafu iwe na ukingo mbele. Mtungi wa gesi ufungwe ukutani kwa mnyororo, sehemu mbili, juu na chini. Mtungi uliojaa ukianguka na vali yake ikakatika hutoka kwa nguvu ya kutoboa ukuta. Na kuhusu mvuke wa vitu vinavyowaka, mji una kumbukumbu chungu yake wenyewe: tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya lava kupita katikati ya Goma, kituo cha mafuta kililipuka huku watu wakichota petroli karibu na mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Makumi walikufa.

Kuna hatari moja ambayo mwanafunzi wa Goma anaijua kabla hajaingia darasani, ingawa huenda hajawahi kuambiwa kwamba inamsubiri pia maabarani. Ni mazuku. Kandokando ya ziwa Kivu na kwenye mabonde ya mawe ya lava, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kujikusanya mahali pa chini, kwa kuwa ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huingia bondeni na hatoki. Mtu anayemfuata kumwokoa huanguka pembeni yake. Hewa yenye kaboni dioksidi zaidi ya asilimia 10 humpotezea mtu fahamu ndani ya dakika chache, na ikizidi sana, ndani ya pumzi chache tu.

Barafu kavu inayotumika kusafirishia sampuli ni kaboni dioksidi hiyohiyo, iliyogandishwa kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Inapopata joto haiwi maji. Inageuka hewa moja kwa moja. Kasha lenye kilo kadhaa likiwekwa ndani ya gari lililofungwa vioo, au kwenye stoo ndogo isiyo na dirisha, mazuku yameingia ndani ya nyumba. Na likifungwa kabisa bila upenyo, hewa ile hutanuka mpaka kasha lipasuke. Mwalimu wa Goma ana bahati ya kuweza kulieleza hilo kwa sentensi moja, kwa kuwa wanafunzi wake wamekua wakionywa na wazazi wasicheze kwenye mabonde fulani.

Turudi kwenye friza. Umeme unapokatika, kishawishi cha kwanza ni kufungua mlango ili kutazama. Ndilo kosa. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ikiwa imejaa na haifunguliwi, hupoteza ubaridi taratibu kwa saa nyingi. Kila inapofunguliwa, sehemu kubwa ya ubaridi huo hutoka. Jambo la pili halielezwi vya kutosha kwa majirani: sampuli iliyoyeyuka ndani ya kichupa kizima, kilichomo ndani ya kopo lisilovuja, lililomo ndani ya kasha gumu, haimwambukizi mtu anayepita barabarani. Hatari inaanza kichupa kinapovunjika, au friza inapobebwa na waporaji wasiojua kilichomo. Ndiyo sababu vifungashio vitatu, kimoja ndani ya kingine, havipaswi kusubiri siku ya kusafirisha. Sampuli ilale ndani yavyo kila usiku.

Njia bora zaidi ni kutokuwa na kitu hai cha kulinda. Sampuli nyingi zinazotakiwa kwa uchunguzi wa vinasaba zinaweza kuuliwa mapema kwa kemikali ya kuyeyusha virusi, kisha kuhifadhiwa bila uwezo wa kuambukiza. Maabara isiyo na sababu ya kutunza virusi hai isivitunze. Hapa chuo kikuu kinaweza kuwa na msimamo mkali kuliko taasisi ya taifa, kwa kuwa mwanafunzi anayejifunza kupima hahitaji kimelea hatari ili ajue kutumia pipeti.

Kemikali hiyo ya kuyeyusha virusi, hata hivyo, ina mtego wake. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliofika Goma Julai 2019 na kuua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, kila mlango mjini uliwekewa ndoo ya maji ya klorini: asilimia 0.05 kwa mikono, asilimia 0.5 kwa glavu, sakafu na vyombo. Watu walizoea kuona klorini ni dawa ya kila uchafu. Ndani ya maabara imani hiyo inaweza kuua. Kemikali nyingi za kuyeyusha virusi zina guanidini thayosayanati, na hata vikasha vidogo vya GeneXpert, mashine ya kupimia magonjwa, vinayo. Ikikutana na klorini hutoa gesi zenye sumu kali za jamii ya sayanidi. Msafishaji mwenye nia njema, anayemwaga klorini ndani ya ndoo ya taka za kipimo ili aue virusi, anaweza kujidhuru yeye na waliomo chumbani. Taka hizo zina ndoo yake, na ndoo hiyo haiguswi na klorini.

Kuna pia jambo la mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi takriban 95. Otoklavu, ile mashine ya mvuke inayoua vimelea kwa nyuzi 121, ikiwa ni ya aina rahisi inayoongozwa na kipimo cha shinikizo, hudanganya mwinukoni. Mwongozo wake ulioandikwa kwa miji ya pwani husema paundi 15 zinatosha. Kwa Goma, paundi 15 kwenye kipimo hicho huleta nyuzi kama 118 tu. Zinahitajika paundi mbili hadi tatu zaidi. Fundi anayefuata mwongozo neno kwa neno atatoa taka ambazo hazijafa, akiamini zimekufa. Dawa yake ni kutazama joto badala ya shinikizo, na mara kwa mara kuweka ndani kichupa cha vijimbegu vya majaribio: vikiota baadaye, mashine haijafanya kazi.

Mambo haya yote madogo yana historia nchini Kongo kwenyewe. Mwaka 1976 Jean-Jacques Muyembe, ambaye baadaye aliiongoza INRB kwa miaka mingi, alikwenda Yambuku na kutoa damu kwa wagonjwa bila glavu, damu ikimtiririkia mikononi, kabla ya mtu yeyote kujua jina la ugonjwa ule. Damu ya mgonjwa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai ya kuhifadhi joto. Kichupa kimoja kati ya viwili kilifika kimevunjika ndani ya barafu iliyoyeyuka. Novemba mwaka huohuo, katika maabara ya Porton Down, Uingereza, mtafiti mmoja alijichoma sindano kwenye kidole gumba. Alivua glavu, akakitia kidole kwenye klorini, akakikamua, damu haikutoka. Siku sita baadaye homa ilimpanda. Alipona, na sehemu ya matibabu yake ilikuwa seramu ya watu waliopona Ebola nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Kabla ya hapo, mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade waliambukizwa kirusi kipya walipokuwa wakishughulikia tumbili kutoka Uganda: watu 31 waliugua, 7 wakafariki.

Vyuo vikuu tajiri navyo havikusalimika. Huko Dartmouth, Marekani, mwaka 1996, profesa Karen Wetterhahn alidondokewa na matone machache ya zebaki ya aina ya dimethili juu ya glavu. Alikuwa amevaa glavu, kama kanuni ilivyosema. Zilikuwa za mpira wa kawaida, na zebaki ile huzipenya kwa sekunde chache. Alifariki Juni 1997. Mwaka 2008, msaidizi wa utafiti wa chuo kikuu cha UCLA aliungua akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka ikigusa hewa. Alivaa sweta ya nyuzi za plastiki, hakuwa na koti la maabara, na alifariki Januari 2009. Waendesha mashtaka wa Los Angeles walikifungulia chuo kesi ya jinai, na mwaka 2012 chuo kilifutiwa mashtaka baada ya kukubali kurekebisha usalama wake. Kifo cha Wetterhahn kinaonyesha kwa nini haitoshi kumwambia mwanafunzi "vaa glavu". Aambiwe glavu gani, kwa kitu gani, kwa dakika ngapi.

Sheria ipo. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka kamati za usafi na usalama mahali pa kazi, na tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeiingiza kazi salama kati ya haki za msingi za mfanyakazi. Shida ya mafunzo yenyewe ni nani anayeitwa. Semina hujaa wahitimu na madaktari. Msafishaji anayebeba kasha la sindano, na mlinzi anayelala getini, hawaitwi. Siku mji unapokimbia, mlinzi ndiye anayebaki, na huenda ndiye pekee atakayesikia kengele ya friza ikilia. Anapaswa kujua kengele hiyo maana yake nini, mlango upi asiufungue, na ampigie nani simu. Afundishwe kwa Kiswahili anachokisema nyumbani, kwa sababu maandishi ya Kifaransa ukutani na ya Kiingereza kwenye chupa hayamsaidii.

Msafishaji naye apewe chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, kabla ya kushika kasha lolote. Sindano iliyomchoma mtu aliyekuwa na virusi vya UKIMWI huambukiza takriban mara 3 kati ya 1,000. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufikia mara 300. Na kwa UKIMWI dawa ya kuzuia ianzwe mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na iendelee siku 28. Namba ya simu ya kituo kinachoitoa dawa hiyo ibandikwe juu ya sinki, mahali mtu anaposimama akiosha kidole kilichochomwa.

Lililobaki ni mazoezi, na hayagharimu pesa nyingi. Chuo kinaweza kuzima umeme wa maabara alasiri moja bila kutangaza na kupima muda: gesi ifungwe, mitungi ikaguliwe, sampuli hatari ziingizwe kwenye otoklavu inayopata umeme wa jenereta, friza zifungwe kwa kufuli. Daftari la sampuli liwe na nakala nje ya jengo, likisema nini kipo, kimewekwa friza ipi, kimeuliwa au kiko hai. Januari 2025, watu wa Geneva, Kinshasa na Goma walipokuwa wakiulizana kilichomo ndani ya friza, karatasi ya namna hiyo ingekuwa kitu cha kwanza cha kuulizia.