Dada, fweza za watu unalinda wewe, sifa anachukua nani?

UKIPITA maeneo ya Posta jijini Dar es Salaam asubuhi ya siku ya kazi, lazima utapishana nao. Suti imekaa, kiatu kirefu, kitambulisho shingoni, mwendo wa haraka haraka. Ukimuuliza mmoja wao anafanya kazi gani atakujibu kwa kifupi tu: "Nipo benki."

Lakini mpenzi msomaji, benki ni pana kama Kariakoo. Kuna anayehesabu noti dirishani, kuna anayekopesha, kuna anayefukuzana na wadaiwa sugu. Halafu kuna huyu ambaye wiki hii tunamtupia jicho: dada anayekaa na wenye nazo na kuwapangia fweza zao zilale wapi na ziamkie wapi. Wengine wanamwita meneja uhusiano, wengine mshauri wa uwekezaji. Kazi ni ileile, kulinda mali ya mtu ili isiyeyuke na ikiwezekana izae.

Asikudanganye mtu, kazi hii inalipa. Ila ina mtego wake, na mtego huo unawanasa zaidi mabinti.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Wengi wakisikia kusimamia mali za matajiri wanadhani ni kukaa kwenye kiyoyozi na kupiga stori na vigogo. Wapi bwana! Mteja anakuja na nyumba tatu Mikocheni, shamba Bagamoyo, hela imelala tu kwenye akaunti, watoto sita wa mama wawili, na sukari inamsumbua.

Wewe ndiye wa kumwambia kiasi gani kiende kwenye hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, zikiwamo zile za miaka 25 zilizoanza mwaka 2021. Ni wewe pia wa kumwambia kiasi gani kiende kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo lilianza biashara Aprili 15, 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, na kiasi gani kibaki karibu kwa ajili ya ada na hospitali. Ukimaliza hapo unamuuliza lile swali ambalo hata nyumbani kwake wanaogopa kuliuliza: "Mzee, wosia umeshaandika?"

Sasa tuje kwenye malipo. Sehemu nyingi duniani ofisi inatoza asilimia fulani ya mali inayoisimamia. Tuchukue mfano. Mteja ana shilingi milioni 500 na ofisi inatoza asilimia 1 kwa mwaka. Hapo ni milioni 5 kutoka kwa mtu mmoja. Ukiwa na wateja 20 wa namna hiyo umeiingizia kampuni milioni 100 kwa mwaka. Bonasi yako, cheo chako na heshima yako kwenye kikao vinapimwa kwa hesabu hiyo.

Kwa maneno mengine, orodha ya wateja ndiyo shamba lako. Asiye na orodha ni kibarua tu, hata kama suti yake ni ya bei mbaya.

Mtego wenyewe uko hapo hapo. Binti anaandaa ripoti hadi saa mbili usiku. Binti anampigia mteja kumtuliza hisa zikishuka. Binti anajua siku ya kuzaliwa ya mjukuu wa mteja. Lakini kwenye mafaili jina la mwenye mteja ni la kaka fulani aliyecheza gofu naye mara mbili. Mwisho wa mwaka kaka anapewa bonasi, dada anapewa asante na kipande cha keki ya Siku ya Wanawake.

MWANAMAMA ALIYEKATAA KEKI

Mtego huu si wa Bongo peke yake, na haukuanza jana. Kuna mwanamama mmoja wa Marekani ambaye maisha yake yote yalikuwa vita ya jambo hilohilo. Anaitwa Muriel Siebert, alizaliwa mwaka 1928 huko Cleveland, jimbo la Ohio.

Chuo hakumaliza, kwa sababu baba yake aliugua kansa. Mwaka 1954 akaingia New York na gari kuukuu aina ya Studebaker, mfukoni ana dola 500. Kampuni ya kwanza ya mambo ya hisa ilimkataa kwa kukosa digrii. Ya pili akadanganya kwamba anayo, akapewa kazi ya kujifunza uchambuzi kwa dola 65 kwa wiki.

Hapo kwenye kudanganya usimuige, dada yangu. Mwaka 2017 hapa Tanzania serikali ilihakiki vyeti na watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wakang'olewa kwa vyeti feki. Kwenye kazi ya kushika hela za watu, uongo mmoja unatosha kukumaliza.

Tuendelee. Pale kazini wanaume walishajigawia viwanda vilivyokuwa na heshima. Siebert akaachiwa makombo, yakiwamo mashirika ya ndege na kampuni za sinema. Basi akayachimba hayo makombo mpaka akayajua nje ndani. Ndege za jeti zilipoanza kubeba abiria kwa wingi, yale makombo yakageuka pilau. Wateja waliopata faida kwa ripoti zake wakaanza kuagiza hisa kupitia kwake yeye. Orodha ikaanza kuzaliwa.

Pamoja na hayo yote, mshahara ulikuwa bado unamcheka. Wanaume waliofanya kazi kama yake walilipwa zaidi, naye akawa anahama ofisi hadi ofisi. Alipotuma maombi kwa jina lake kamili, simu haikulia. Barua zilipotumwa kwa jina la M. F. Siebert, ambalo halionyeshi kama ni bibi au bwana, akaitwa na kupata kazi.

Siku moja akamuuliza mteja wake, Gerald Tsai, aliyekuwa na jina kubwa kwenye mifuko ya uwekezaji: niende kampuni gani kubwa nipate changu sawasawa? Jamaa akamwambia hakuna, nunua kiti chako mwenyewe kwenye Soko la Hisa la New York ujitegemee.

Kiti maana yake ni uanachama, haki ya kununua na kuuza pale ndani. Soko hilo lilianza mwaka 1792 na hakuna mwanamke aliyewahi kununua kiti. Siebert akachukua katiba ya soko, akaenda kuisoma nyumbani ukurasa kwa ukurasa. Kumbe hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamke haruhusiwi! Ilikuwa mazoea tu.

Akaanza kutafuta wadhamini. Kati ya wanaume 10 wa kwanza aliowaomba, tisa walimtolea nje. Soko nalo likamtaka alete barua ya benki inayoahidi kumkopesha dola 300,000. Benki zikasema mpaka soko limkubali kwanza. Danadana hizo! Hakuchoka. Desemba 28, 1967 akakabidhiwa kiti kwa bei ya dola 445,000. Ndani walikuwamo wanaume 1,365 na yeye.

Usidhani walimpigia makofi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, ghorofa ya saba ambako wanachama walikuwa wanakula chakula cha mchana bado haikuwa na choo cha wanawake. Akamwambia mwenyekiti wa soko: msipojenga naleta choo cha kubebeka. Choo kikajengwa.

JINA LIKIWA LAKO, UNAANGUKA NA KUINUKA

Sikiliza sehemu hii vizuri, maana ndiyo yenye somo. Mei 1, 1975 Marekani ilifuta kamisheni ya lazima kwa madalali wa hisa. Kampuni kubwa nyingi zilinuna. Siebert akatoa tangazo gazetini akiwa anakata noti ya dola 100 kwa mkasi: kwetu bei nusu. Wenzake walichukia hadi kampuni iliyokuwa inakamilisha malipo ya biashara zake ikamtosa. Lakini wateja walikuwa wake, hivyo hakuzama.

Mwaka 1977 Gavana Hugh Carey akamteua kuwa msimamizi wa benki zote zilizo chini ya jimbo la New York, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Katika kipindi chake hakuna benki hata moja iliyofilisika. Mwaka 1982 akaacha ukubwa huo, akagombea kuteuliwa na chama chake kwa ajili ya useneta, akashindwa. Akarudi kwenye kampuni yake na kuendelea kuijenga, na mwaka 1996 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la Nasdaq. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 84, na mlangoni bado palikuwa na jina lake.

Angekuwa binti wa kuandaa ripoti na kula keki, wala tusingemjua.

SASA WEWE WA BONGO UFANYEJE?

Kwanza, shika karatasi zako. Kumshauri mtu kuhusu uwekezaji kama biashara bila leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni kosa, sheria ipo tangu mwaka 1994. Anayetaka kwenda mbali zaidi kuna ile CFA inayotambulika dunia nzima: mitihani mitatu, na saa 4,000 za kazi ndani ya kipindi kisichopungua miezi 36. Siyo lelemama, lakini mwenye nayo hawezi kuulizwa kama aliajiriwa kwa sura.

Pili, tafuta makombo yako. Siebert alipewa ndege, wewe una wanawake wenzako. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Tangu hapo kuna wajane, waliotalikiwa na mama wa maduka wanaoshika mali kwa haki yao. Kaka wa gofu anamwamkia mama huyo, kisha anaanza kuongea na mwanawe wa kiume. Wewe kaa naye, mwite mama, mweleze hati fungani kwa Kiswahili kinachoeleweka. Akikuamini atakuletea kikundi chake chote cha vikoba.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kabla hujasaini ajira uliza maswali mawili. Mteja nitakayemleta ataandikwa kwa jina la nani? Nikihama, mkataba unaniruhusu kuendelea naye? Mabinti wengi wanauliza mshahara na likizo basi. Mshahara utaisha tarehe 10, mteja anaweza kukaa na wewe miaka 30.

Nne, weka mipaka. Wapo wateja wanaodhani wakikupa hela ulinde, na wewe umo kwenye kifurushi. Mkutano uwe ofisini au mahali pa watu, mchana, na ukiweza uwe na mwenzako. Mteja wa aina hiyo hata akiwa na mabilioni ni hasara, kwa sababu siku akinuna atakuchafulia jina. Na jina ndiyo bidhaa unayouza.

Tano, usiguse hela ya mteja hata senti, hata kwa siku moja, hata kama mama anaumwa. Omba mkopo, omba ndugu, omba barabarani. Hiyo haina mjadala.

Kwa wale ambao tayari wamo ndani ya mchezo, zoezi la wiki hii ni jepesi. Jumatatu ukifika ofisini fungua orodha ya wateja unaowahudumia. Hesabu wangapi wameandikwa kwa jina lako. Kama ni sifuri, usilie chooni, nenda kwa bosi na tarakimu mkononi uombe wako. Akikataa, basi umeshajua hapo ni kituo tu, siyo mwisho wa safari.

Kazi kwako dada. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.