Usanisinuru wa CAM wa muda

Usanisinuru wa CAM wa muda ni uwezo wa baadhi ya mimea kubadilisha njia ya kutengeneza chakula ukame unapoanza, na mara nyingi kurudi kwenye njia ya awali maji yakipatikana tena.

Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vidogo sana vya majani, wakati wa mchana ili kuingiza dioksidi kabonia. Kupitia vitundu hivyohivyo maji hutoka kama mvuke, na jua likiwa kali hasara huwa kubwa. Mmea ukivifunga huokoa maji lakini hukosa kabonia. Katika njia ya CAM vitundu hufunguliwa usiku, wakati hewa ni baridi zaidi. Kimeng'enya kiitwacho PEP kaboksilasi hunasa kabonia, nayo huwekwa akiba kama asidi maliki ndani ya vakuoli za seli. Mchana vitundu hufungwa, asidi huvunjwa, na dioksidi kabonia inayotoka hutumiwa kutengeneza sukari kwa nishati ya mwanga. Ndiyo sababu majani ya mimea hii huwa machachu asubuhi. Benjamin Heyne aliandika habari hiyo mwaka 1815, baada ya kuonja majani ya Bryophyllum nchini Uhindi.

Akiba hiyo ina kikomo, kwa sababu vakuoli hujaa. Kwa hiyo mimea ya CAM kwa kawaida hukua polepole, na kuitumia njia hii wakati wa shida tu kuna faida.

Mfano uliochunguzwa sana ni Mesembryanthemum crystallinum, mmea wa kusini mwa Afrika wenye vibofu vya maji vinavyometameta kama barafu. Huota msimu wa mvua na kutumia njia ya kawaida, iitwayo C3. Udongo ukikauka au chumvi ikizidi, huhamia CAM kwa muda wa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Kuanzia hapo kinachotafutwa si ukubwa tena bali muda wa kutosha kukomaza mbegu kabla ya kufa.

Ajabu zaidi ni Portulaca oleracea, gugu linalotambaa mashambani katika nchi nyingi, Afrika ya Mashariki ikiwemo, na ambalo huliwa pia kama mboga. Hilo hutumia njia ya C4, kama mahindi, kisha huongeza CAM likikosa maji. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba njia hizo mbili hufanya kazi ndani ya seli zilezile.